Swali la Nne

Karatasi thelathini na moja mezani,
jiko la mkaa chini, karibu na magoti yangu.
Desemba, Mokokchung. Ukungu ulipanda tangu saa tisa,
ukalimeza kanisa la chuo, ukabakiza msalaba
unaning'inia hewani kama shati lililosahaulika kambani.

Nasahihisha.
Swali la nne: Kwa nini Mungu hunyamaza? Eleza. (Alama 20)
Wanafunzi wangu wanajua kueleza.
Alemla kajaza kurasa tatu na kuomba ya nne.
Chubanungsang ana hoja sita,
kila moja kaipigia mstari kwa rula.
Nawapa kumi na tano, nawapa kumi na saba.
Swali nimelitunga mwenyewe, jibu lake nalijua,
nimelifundisha miaka kumi na tisa
kwa chaki, bila hata kukohoa.

Kisha Wangpong.
La kwanza, sawa. La pili,
vitenzi vya Kiebrania vimeketi kama wageni wa arusi,
kila mmoja kitini pake.
La tatu, nusu.
La nne: ukurasa mweupe,
na chini kabisa, kwa penseli, herufi ndogo
za mtu anayebisha hodi
akitumaini hakuna aliye ndani:

Sijui, Mwalimu. Wewe unajua?

Mwaka wa kwanza alitoa ushuhuda mpaka dirisha likatetema.
Julai dada yake alishikwa na homa huko Mon,
na barabara ilikuwa imefungwa, siku sita.
Alirudi chuoni na begi lilelile.
Siku hizi anamenya viazi jikoni zamu zisizo zake,
na kwenye ibada anafunua wimbo ukurasa sahihi,
akautazama, basi.

Nimejuaje?
Mkuu wa chuo akisema tuombe,
vichwa mia vinainama, na katikati yake
vimebaki viwili.
Waliofumba macho hawajui nani hakufumba.
Sisi tunajuana.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Mshindo niliusikia. Ulikuwa wa mawe,
mlima ulipoliteremkia gari la Sungjemba
na mimi nipo jikoni nampashia wali.
Kesho yake wiki nilirudi darasani.
Kila kipindi nakifungua kwa sala,
sala safi, ina kiima, ina kiarifu,
haina mtu.

Kalamu nyekundu ilikaa hewani hata mkaa ukafifia.
Sifuri ingekuwa haki.
Ishirini ingekuwa huruma, na huruma ya namna ile
nimeshailetewa nyumbani kwenye vyungu vya majirani.
Nikaandika: Mimi pia.
Nilitaka kufuta.
Wino mwekundu haufutiki.

Nikajifunga shali, nikashuka ngazi za mawe
nikipapasa kwa mguu kama mwizi.
Jikoni alikuwa peke yake na gunia,
na Mama Purnungla akikoroga sufuria la nyama ya moshi.
Nikampa karatasi.
Alisoma akiwa ameshika kisu.
Akaipindua, kana kwamba upande wa pili
kungekuwa na maelezo.
Akasogea kwenye benchi.

Viazi vilikuwa vingi, vidogo, vya kuudhi.
Yeye anamenya ganda jembamba, mimi natupa nusu ya kiazi;
alivumilia vitatu, cha nne akaninyang'anya,
akanionyesha jinsi ya kulaza kisu.

Mama Purnungla akafunika sufuria, akasema tushukuru.
Akaanza, kwa Kiao, taratibu,
akiwataja wote: mvua, kuni, nguruwe, marehemu.
Alimtaja Sungjemba. Akamtaja dada wa Wangpong
kwa jina ambalo sikuwahi kuliuliza.

Tukatazamana kupitia mvuke, mwalimu na mwanafunzi,
macho wazi kama wezi wawili kwenye shamba moja.
Yeye ndiye aliyecheka kwanza.
Sauti ya pua tu. Kisha akafumba,
sijui kwa maombi au kwa moshi.

Nikabaki mimi.
Nilikaa hivyo, kiazi mkononi, nikimlindia zamu
mpaka amina.

Kisanduku cha alama bado kitupu.
Mkuu wa chuo anazitaka Jumatatu.